Jinsi ya kupima hatari za kushambulia mradi wa nyuklia wa nchi hasimu

Kila habari za shambulizi kwenye mradi wa nyuklia zinapovuma, Nairobi hugawanyika kambi mbili kabla ya chai ya saa nne. Kambi ya kwanza inasema mradi umesagwa, umeisha. Ya pili inasema vita vya tatu vya dunia hivyo hapo. Zote zimerukia jibu. Swali la mchambuzi ni jingine, na ni kavu: shambulizi linanunua miezi mingapi, kila mwezi unalipiwa nini, na anayelipa ni nani?

Mwongozo huu ni wa mhariri wa dawati la kimataifa, mwanafunzi, ofisa wa wizara au mchambuzi wa benki anayedaiwa ukurasa mmoja kabla ya jioni. Vifaa ni vichache: karatasi, kikokotoo cha simu, ripoti ya karibuni ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, na ujasiri wa kuandika asilimia pale ambapo wengine huandika "huenda".

Anza na aina ya mradi, si idadi ya ndege

Malighafi ya bomu hupatikana kwa njia mbili, na njia hizo hazipigiki sawa. Ya kwanza hupitia kinu kinachozalisha plutoni. Kinu ni jengo kubwa, hakihamishiki, kinataka maji mengi ya kupozea, na kikivunjwa kabla ya kujazwa fueli hakimwagi mionzi ya kutisha. Njia ya pili ni kurutubisha urani kwa sentrifuji, mashine ndefu nyembamba zinazozunguka kwa kasi kubwa mno, zikiunganishwa kwa mamia. Hizi zinaenea kwenye ukumbi wa kawaida au ndani ya mlima, na karakana inayoziunda haina alama yoyote usoni inayoitofautisha na karakana nyingine ya vyuma.

Ndiyo maana mifano inayosifiwa zaidi hupotosha. Tarehe 7 Juni 1981, ndege nane za F-16 za Israeli zikilindwa na F-15 sita zilivunja kinu cha Osirak karibu na Baghdad. Tarehe 6 Septemba 2007 Israeli ikavunja kinu cha al-Kibar nchini Syria, karibu na mto Furati. Kila mara lengo lilikuwa moja, juu ya ardhi, kinu kikiwa bado hakijatiwa fueli. Mtu akikwambia "Osirak ilifaulu, basi na hii itafaulu", muulize malengo ni mangapi, yako kina gani, na ndani yake mna nini. Fordow, karakana ya Iran ya kurutubisha urani karibu na Qom, ilichimbwa chini ya makumi ya mita za mwamba. Marekani ilipoipiga tarehe 22 Juni 2025 iliangusha mabomu 12 ya GBU-57, ya kupenya ardhini, kila moja likiwa na uzito wa takriban kilo 13,600, na bado ubishi juu ya kilichobaki mle ndani haukumalizwa na picha za setilaiti.

Gawa mradi safu nne

Chora safu nne: majengo na mitambo; akiba ya madini; watu na ujuzi; uamuzi wa kisiasa. Mabomu hufanya kazi nzuri kwenye safu ya kwanza, ya kubahatisha kwenye ya pili, ndogo kwenye ya tatu, na ya nne yanaweza kuisukuma upande usiotakiwa.

Akiba ndiyo safu inayosahauliwa, na ndiyo yenye uzito. Urani inayotoka ardhini ina takriban asilimia 0.7 tu ya ile aina inayotakiwa. Mapatano ya nyuklia ya mwaka 2015, kati ya Iran na mataifa makubwa, yaliibana Iran isizidi asilimia 3.67 wala kilo 300 za akiba. Kiwango cha silaha ni kama asilimia 90. Anayezitazama nambari hizo kama ngazi atadhani asilimia 60 ni theluthi mbili za safari. Sivyo. Kazi kubwa ya kurutubisha iko mwanzoni, na aliyefika 60 amebakiwa na kipande kidogo. Kwa kipimo cha IAEA, kilo 42 za urani ya asilimia 60 zikiendelea kurutubishwa zinatosha bomu moja. Mashambulizi ya Israeli yalipoanza tarehe 13 Juni 2025, shirika hilo lilikadiria Iran ina kilo 440.9. Gawa mwenyewe: ni kiasi cha mabomu kumi hivi.

Sasa fikiria ujazo wake. Madini haya huwekwa kwenye mitungi, na shehena yote inaweza kubebwa na magari machache kwa usiku mmoja. Siku chache kabla ya Fordow kupigwa, picha za setilaiti zilionyesha malori yamejipanga karibu na milango ya mahandaki. Malori hayathibitishi kwamba madini yalihamishwa, kwa sababu yanaweza pia kuwa yalileta udongo wa kuziba milango. Lakini yanatosha kukuzuia kuandika kwamba akiba imeteketea. Shimo kwenye mlima linakueleza habari za jengo, halikuelezi habari za mitungi.

Ujuzi ndio mgumu kuua. Wanasayansi wa Iran wameuawa, mmoja mmoja kwa miaka kadhaa na kisha kwa pamoja Juni 2025. Kazi hupunguzwa kasi kweli. Ila michoro ya sentrifuji imekwisha kutembea duniani: mtandao wa Mpakistani A. Q. Khan uliiuza Libya, Iran na Korea Kaskazini. Kinachojulikana na maelfu ya mafundi hakirudi kuwa siri.

Kagua taarifa za kijasusi kama mkaguzi wa hesabu

Mkazi wa Nairobi ana mfano wa karibu. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa hapa tarehe 7 Agosti 1998, siku 13 baadaye Marekani ilirusha makombora kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, ikisema kinahusika na silaha za kemikali. Ushahidi mkuu uliotajwa hadharani ulikuwa sampuli ya udongo iliyochukuliwa kwa siri. Kiwanda kilibomoka, na ushahidi wenyewe ukaanza kutiliwa shaka hata na maofisa wa Marekani. Kombora lililenga shabaha barabara. Kasoro ilikuwa kwenye sababu ya kulirusha.

Makosa huenda pande zote mbili, na hapa ndipo wachambuzi wengi wa mlengo mmoja hujikwaa. Mwaka 2003 Iraq ilivamiwa kwa silaha ambazo hazikupatikana. Lakini mwaka 1991, baada ya vita vya Ghuba, wakaguzi waliikuta Iraq hiyo hiyo na mradi wa siri mkubwa kuliko mashirika ya kijasusi yalivyojua. Kwa hiyo usiweke chumvi upande mmoja tu wa sahani.

Kwa vitendo, fanya hivi. Andika kila dai kwenye mstari wake, kisha ulitie moja ya alama tatu: limeonekana, limekisiwa, au linatamaniwa. Halafu hesabu vyanzo vinavyojitegemea. Magazeti manne yakimnukuu ofisa mmoja asiyetajwa jina, hicho ni chanzo kimoja. Ofisa huyo akiwa wa nchi inayotaka kupiga, au inayotaka isipigwe, andika hilo pembeni kwa kalamu nyekundu. Ripoti ya mkaguzi aliyeingia ndani na kupima ina uzito kuliko picha, na picha ina uzito kuliko msemaji.

Tenganisha pia uwezo na nia. Nchi inaweza kuwa na madini ya mabomu kumi na isiwe imeamua kuunda hata moja. Shambulizi linaondoa sehemu ya uwezo, lakini linaweza kuwapa ushindi, ndani ya serikali ile, wale waliokuwa wakisema kila siku kwamba bomu ndilo kinga pekee.

Zidisha, usijumlishe matumaini

Tuseme nchi A inataka kupiga mradi wa nchi B. Nambari zinazofuata ni za mfano, za kujifunzia hesabu.

Msemaji wa jeshi anasema kuna nafasi ya asilimia 85 ya kuvunja malengo yanayojulikana. Habari nyingi huishia hapo. Wewe endelea. Nafasi kwamba hakuna karakana ya siri: 60. Nafasi kwamba akiba ilikuwa pale pale na imeharibika au imezikika isiweze kuchimbuliwa: 50. Zidisha: 0.85 × 0.60 × 0.50 = 0.255. Ile 85 imebaki robo.

Angalizo la hesabu: mambo haya hayajitegemei. Anayeficha akiba huwa ndiye mwenye karakana ya siri pia. Ukipata dalili nzuri kwamba madini yaliondoka, usibadilishe ile 50 tu ukaiacha 60 imekaa pale pale.

Sasa geuza matokeo kuwa miezi. Mafanikio kamili, asilimia 25, yanachelewesha mradi miezi 36. Mafanikio nusu, asilimia 50, miezi 9. Na robo iliyobaki ni ya kurudi nyuma: nchi B inafukuza wakaguzi, inaamua kuunda bomu kwa siri na kulifikia miezi 6 mapema kuliko ambavyo ingelifikia bila kupigwa. Huo ni hasi 6. Jumla: 9 + 4.5 − 1.5 = miezi 12.

Kabla hujafurahia hiyo 12, ichezee. Shusha mafanikio kamili hadi asilimia 10, acha nusu kwenye 50, pandisha kurudi nyuma hadi 40. Unapata 3.6 + 4.5 − 2.4, yaani miezi 5.7. Nambari mbili tu zimebadilishwa na faida imepungua zaidi ya nusu. Katika ukurasa wako andika masafa, "kati ya miezi 6 na 12", na uitaje hatari ya kurudi nyuma kwa sentensi yake yenyewe. Wastani ni mzuri kwa kuficha maiti.

Kosa la kawaida hapa ni kusahau kwamba kuna kupiga tena. Miezi 12 ikiisha, nchi B inajenga ndani zaidi, na shambulizi la pili linaanza na taarifa chache kuliko la kwanza. Swali "tutapiga mara ngapi, kila baada ya muda gani?" liulizwe kabla ya ndege ya kwanza, kwa maana mpango wa kupiga mara moja mara nyingi ni mpango wa kupiga kila baada ya mwaka au miwili ulioandikwa ukurasa wa kwanza tu.

Hasimu naye ana kura

Orodhesha majibu yake kwa mpangilio wa ukali, na kila moja lipe asilimia. Historia inatoa mifano minne ya kuanzia.

Kunyamaza: Syria mwaka 2007. Israeli haikujigamba, na ilikiri rasmi mwaka 2018 tu. Ukimya huo ulimpa rais wa Syria nafasi ya kusema hakukuwa na kinu, na asiyepigwa kinu halazimiki kulipiza. Ukiona mshambuliaji anaitisha mkutano wa wanahabari saa moja baada ya tukio, futa uwezekano huu.

Kujibu kwa kipimo: tarehe 23 Juni 2025 Iran ilirusha makombora kwenye kambi ya Al Udeid nchini Qatar, baada ya kutoa taarifa mapema. Siku iliyofuata mapigano yalisitishwa. Lilikuwa jibu la kulinda heshima zaidi ya kuua.

Kujificha: mradi wa Iraq baada ya Osirak uliingia chini ya ardhi, mbali na macho ya wakaguzi, na ukahamia kwenye urutubishaji. Wanahistoria bado wanabishana kama Osirak iliuchelewesha au iliuharakisha. Usiutumie mfano huu kana kwamba kesi imefungwa.

Kujitoa: Ibara ya 10 ya Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia inaruhusu nchi kutoka kwa ilani ya miezi mitatu. Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa Januari 2003 na kulipua bomu la majaribio Oktoba 2006. Iran, baada ya Juni 2025, haikutoka kwenye mkataba, lakini ilipitisha sheria ya kusimamisha ushirikiano na IAEA. Kwa mpimaji, hasara hiyo ya kupoteza macho ya wakaguzi ihesabiwe kama gharama ya shambulizi, kwenye safu ile ile ya mabomu na ndege.

Halafu kuna kinachomzuia mshambuliaji hata akiwa na mabomu ya kutosha. Mwaka 1994 Marekani ilifikiria kupiga Yongbyon, kituo cha nyuklia cha Korea Kaskazini. Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, iko kilomita 50 hivi kutoka mpakani, ndani ya masafa ya mizinga ya Kaskazini. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, akaenda Pyongyang Juni mwaka huo, na Oktoba makubaliano yakasainiwa. Kwa hiyo pima pia mizinga ya kawaida, si nyuklia peke yake.

Mionzi: ogopa kwa kipimo chake

Karakana ya sentrifuji ikipigwa haitoi wingu la uyoga. Hatari yake kubwa ni ya kemikali: gesi ya urani na florini ikikutana na unyevu wa hewa hutoa asidi ya florini, inayochoma mapafu. Madhara hukaa karibu, kwa walio kiwandani na majirani.

Kinu kinachofanya kazi ni habari nyingine kabisa. Ndani yake mna iodini-131, ambayo nusu yake huisha kwa siku 8, na sesiamu-137, ambayo nusu yake huchukua miaka 30. Kinu cha umeme cha Bushehr cha Iran kiko ufukweni mwa Ghuba, na nchi za ng'ambo ya pili hunywa maji ya bahari yaliyochujwa chumvi. Nairobi iko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka huko. Anayesambaza ujumbe wa "funga madirisha" hapa anapoteza data. Swali la Mkenya kuhusu Bushehr ni la Wakenya wanaofanya kazi Doha, Dubai na Kuwait, na maji ya bombani huko.

Sheria kwa ufupi

Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakataza matumizi ya nguvu, na Ibara ya 51 inaruhusu kujihami. Ubishi wote umo katikati: je, tishio linakuja sasa hivi, au linaweza kuja siku moja? Osirak iliwekwa kundi la pili, na Baraza la Usalama likaishutumu Israeli kwa Azimio 487. Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya 1977, Ibara ya 56, inalinda vinu vya kuzalisha umeme, haitaji karakana za kurutubisha. Kwa Afrika kuna kinga ya ziada ambayo wachambuzi wetu huisahau: Ibara ya 11 ya Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika 2009, inakataza nchi wanachama kushambulia mitambo ya nyuklia barani. Na India na Pakistan, pamoja na uhasama wao wote, hubadilishana orodha za mitambo yao kila Januari 1 ili isipigwe.

Bei inayofika Nairobi

Mwaka 2024 mlango wa bahari wa Hormuz, wa kutokea Ghuba, ulipitisha karibu sehemu moja ya tano ya mafuta yaliyotumiwa duniani. Lakini usiandike "petroli itapanda kesho". EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati Kenya, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, kwa kutumia gharama za shehena zilizokwisha kuingia, kwa hiyo mshtuko wa leo hufika kituoni baada ya wiki kadhaa na huweza kuwa umeshapoa njiani. Juni 2025 pipa la Brent, mafuta ghafi yanayotumika kupimia bei duniani, lilitoka kama dola 69 kabla ya mashambulizi, likakaribia 79, kisha likarudi chini ya 70 mapigano yaliposimama.

Uliza bandari ya kupakia. Jubail na Ruwais ziko ndani ya Hormuz. Fujairah iko nje. Yanbu iko Bahari ya Shamu: inakwepa Hormuz, lakini meli inayotoka huko kuja Mombasa hulazimika kupita Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa bahari hiyo. Ongeza bima ya vita ya meli, chai yetu inayouzwa Pakistan, na pesa zinazotumwa nyumbani kutoka Ghuba. Anga pia: Qatar ilifunga yake jioni ile ya Al Udeid, na abiria wa kupitia Doha wakakwama.

Pitisha njia nyingine kwenye jedwali lile lile

Shambulizi lisilinganishwe na ndoto ya hasimu kubadilika. Lilinganishwe na hujuma, vikwazo, mapatano na kungoja, kila moja kwa miezi na kwa bei. Programu haribifu ya Stuxnet, iliyogunduliwa 2010, iliharibu takriban sentrifuji 1,000 huko Natanz, karakana nyingine ya Iran, bila bomu, na Iran ikazibadilisha. Mapatano ya 2015 yalisogeza muda wa kupata malighafi ya bomu moja kutoka miezi miwili au mitatu hadi mwaka, wakaguzi wakiwa ndani. Udhaifu wake ukaonekana Mei 2018, Marekani ilipojitoa. Kufikia 2021 Iran ilikuwa inarutubisha hadi asilimia 60. Kwa hiyo mapatano nayo yana safu yake ya hatari: nafasi kwamba aliyesaini atageuka, au serikali itabadilika. Yape asilimia, kama ulivyoyapa mabomu.

Baada ya mlipuko

Saa 72 za kwanza usiandike neno "kuangamizwa". Juni 2025 rais wa Marekani alisema mitambo imeangamizwa kabisa, tathmini ya awali ya ujasusi wa jeshi lake iliyovuja ikasema mradi umerudi nyuma miezi, na Pentagon ikasema baadaye hadi miaka miwili. Wote walikuwa wanatazama milima ile ile.

Weka tarehe tatu za kurudi kwenye karatasi yako: siku ya 7, ya 30 na ya 90. Siku ya 7 tazama picha za milango ya mahandaki: yanafukuliwa au yanazibwa? Siku ya 30 tazama kama wakaguzi wamerudi na wameruhusiwa kuingia wapi. Siku ya 90 soma ripoti ya IAEA moja kwa moja hadi kwenye aya ya akiba. Ikiwa imeandikwa kwamba shirika haliwezi kuthibitisha madini yako wapi, rudi kwenye ile 50 uishushe, hata kama hakuna bomu lingine lililoanguka tangu siku ile.